Wachague kitabu wenyewe, kisha wabishane kukihusu

Sikiliza kipindi cha kusoma darasani na mara nyingi utasikia mwendo uleule: mwalimu anauliza, mwanafunzi mmoja anajibu, mwalimu anasema "vizuri" au "nani mwingine?" Kisha linakuja swali jingine. Hugh Mehan, aliyechunguza mazungumzo ya darasani nchini Marekani, aliueleza mwendo huo wa hatua tatu katika kitabu chake cha mwaka 1979, na ukiingia darasani leo utaukuta bado upo. Una kazi yake. Unafaa kupima kama somo la jana limeeleweka. Haufai kuzungumzia hadithi, kwa sababu kila aliyekaa pale anajua jibu liko tayari kichwani mwa mwalimu, na kazi iliyobaki ni kulibahatisha.

Wengi hujaribu kutibu hali hiyo kwa kutafuta maswali bora. Maswali bora peke yake hayatoshi. Mwanafunzi aliyepangiwa kitabu, akapangiwa kurasa, kisha akapangiwa na swali, hana cha kwake cha kutetea. Mwache achague na tayari ana msimamo kabla mjadala haujaanza: alikitaka hiki, akakiacha kile, na anazo sababu zake. Upande wa pili, kuchagua kusikofuatwa na mazungumzo hunyauka upesi. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la usomaji nchini Marekani lilitoa ripoti iliyosema kwamba tafiti zilizokuwepo hazikutosha kuthibitisha kuwa kuwahimiza wanafunzi wasome kimya wenyewe, bila mwongozo wala mrejesho wa kutosha, kunaongeza uwezo wao wa kusoma. Wapo walioipokea kama hukumu dhidi ya kusoma kwa hiari. Mimi naisoma kama onyo kuhusu kile ambacho mwalimu haachi kukifanya hata pale wanafunzi wanapojichagulia: kuchuja vitabu, kuvitambulisha, kusikiliza, kufuatilia. Mambo mawili haya, kuchagua na kuzungumza, yaende pamoja au yasianze.

Vitabu vichache vilivyochujwa

Kufungua kabati na kusema "chukueni mnachotaka" si kutoa uchaguzi. Mwanafunzi ambaye hajazoea kusoma atachukua chembamba kuliko vyote, au chenye jalada la kupendeza, au kile alichochukua rafiki yake. Hajachagua, ameponea tu.

Kwa darasa la wanafunzi 40, vitabu vya aina 6 vinatosha. Vikundi viwe vya watu 4, kwa hiyo vikundi 10. Ukiwa na nakala 8 za kila kitabu, kimoja kinaweza kuhudumia vikundi viwili bila mtu kugombea nakala. Kikundi cha watu 3 huanguka siku mmoja akiwa mgonjwa, na cha watu 6 huwa na wawili wanaojificha nyuma ya wenzao. Wanne, au watano darasa likiwa kubwa, ndio kiasi.

Nakala zikiwa chache, usiache. Badala ya riwaya tumia hadithi fupi. Mkusanyiko mmoja wenye hadithi 12, ule ule ambao shule tayari inao kama kitabu cha kiada, ni machaguo 12. Hakuna sheria inayosema lazima zisomwe kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, darasa zima pamoja. Wanafunzi wawili wanaweza kushiriki nakala moja ikiwa wanasoma ndani ya kipindi, ila wasipewe kusoma nyumbani, kwa sababu nakala italala kwa mmoja na mwingine atafika mikono mitupu.

Katika kuchuja, mambo matatu yana uzito. La kwanza, mwalimu awe amekisoma kila kitabu hadi mwisho. Kusoma maandishi ya nyuma ya jalada hakutoshi, na wanafunzi hukugundua siku hiyohiyo. La pili, vitabu vitofautiane kwa ugumu, lakini vile vyepesi visiwe na sura ya vitabu vya watoto wadogo. Herufi kubwa na picha ya sungura kwenye jalada humtangaza msomaji wake mbele ya darasa lote, na mwenye kukihitaji zaidi ndiye atakayekikwepa. Tafuta vyepesi viwili vyenye mambo ya kiutu uzima: sentensi fupi, sura fupi, tukio zito. La tatu, weka angalau kimoja ambacho si hadithi ya kubuni, kiwe wasifu, habari za wanyama, safari au uvumbuzi. Kuna wanafunzi wanaohesabiwa kuwa hawapendi kusoma wakati wanachokosa ni kitabu kinachowaeleza jambo la kweli.

Siku ya kura

Tenga kipindi kizima. Kila kitabu kipewe dakika 2: nusu dakika ya kueleza kinahusu nini, kisha soma kwa sauti nusu ukurasa, mahali ambapo jambo liko karibu kutokea, na ukome papo hapo. Usieleze funzo la kitabu. Kitabu kilichotambulishwa kwa kutajiwa funzo lake hakina tena sababu ya kusomwa.

Baada ya hapo vizungushe vitabu. Kila mwanafunzi akae na kila kitabu kwa dakika 2 hadi 3, asome ukurasa wa kwanza na mwingine wa katikati. Hapa ndipo wafundishwe kupima ugumu kwa vidole: fungua ukurasa wenye maneno kama 100, kunja kidole kimoja kwa kila neno usilolijua, na ukifika cha tano kabla ukurasa haujaisha, kitabu kinaweza kukulemea. Kipimo hiki kina kasoro yake nacho waambiwe. Kinahesabu maneno, hakihesabu hamu. Mwanafunzi anayejua sana habari za nyota atavuka kitabu kigumu cha nyota, wakati kitabu rahisi cha jambo asilolijali kitamshinda kwenye sura ya pili.

Kisha kura, na iwe ya siri. Kwenye kipande cha karatasi kila mmoja aandike jina lake, vitabu vitatu kwa mpangilio wa kupenda, na kimoja asichokitaka kabisa. Wakinyoosha mikono, wanafunzi wawili watatu wenye sauti watalichagulia darasa zima. Kile kipengele cha asichokitaka wengi hukiacha, lakini ndicho kinachookoa vikundi: anayelazimishwa kusoma kitabu alichokikataa waziwazi hukiharibia kikundi kizima.

Kupanga vikundi kufanyike baadaye, wanafunzi wakiwa hawapo. Lenga kila mmoja apate chaguo lake la kwanza au la pili. Weka daftari lenye safu mbili, alichoomba na alichopata, na aliyepata la pili safari hii apewe kipaumbele kwenye duru inayofuata. Waambie kwamba daftari hilo lipo. Wakijua haki inafuatiliwa hawanuni sana.

Iwepo pia ruhusa ya kubadilisha kitabu, nayo iwe na mpaka. Hadi mwisho wa kikao cha pili, mwanafunzi anaweza kuhama kikundi chenye nafasi, kwa sharti la kuandika sentensi mbili za kwa nini, akitaja ukurasa. Sharti hilo dogo huwarudisha wale waliochoka tu, na huwaachia wenye sababu. Isitoshe, sentensi zile ni uhakiki wa kweli; baadhi zitakuwa bora kuliko insha watakazoandika mwisho wa muhula.

Kurasa, saa na karatasi

Kikundi kijigawie kurasa chenyewe. Kitabu cha kurasa 120 kwa vikao 6 ni kurasa 20 kwa kila kikao. Wanaweza kuamua 15 mwanzoni na 25 baadaye, ilimradi waishie mwisho wa sura. Wiki tatu kwa vikao viwili kwa wiki zinatosha. Zikizidi nne, msisimko unakwisha na waliomaliza mapema wanaanza kutoboa siri kwa wenzao.

Kipindi cha dakika 40 kinagawanyika hivi: 5 za maelekezo, 10 za kupitia kurasa na kuandika, 20 za mazungumzo, 5 za kusikia vikundi viwili vikieleza walichokuwa wakibishania. Zile 10 za kuandika zisikatwe hata muda ukibana. Ndizo zinazompa mwanafunzi mnyamavu kitu cha kushika mkononi.

Waandike nini? Njia iliyoenea ni karatasi za majukumu: huyu muulizaji, huyu mchoraji, yule wa msamiati, yule wa muhtasari. Harvey Daniels, ambaye kitabu chake cha mwaka 1994 kilisaidia sana kueneza vikundi vya namna hii, baadaye alionya mwenyewe kwamba karatasi hizo zinaweza kuyafanya mazungumzo yawe ya kukariri. Ndivyo ilivyo kweli: kila mmoja anasoma karatasi yake kwa zamu, wenzake wanasubiri zamu zao, na mwishoni wote wamesema na hakuna aliyezungumza na mwenzake. Zitumike kwa vikao viwili vya mwanzo, kuwaonyesha mambo ambayo msomaji anaweza kuyatazama, kisha ziondolewe. Baada ya hapo kila mwanafunzi aje na vitu vitatu tu: mahali palipomtatiza, mahali panapostahili kusomwa kwa sauti pamoja na nambari ya ukurasa, na swali moja ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake.

Swali linalozaa mjadala

Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndipo pa kutumia nguvu. Chukua mfano wa hadithi ambamo shangazi anaificha barua aliyoandikiwa binti wa kaka yake, na binti anaigundua baada ya miaka mingi. "Barua ilifichwa wapi?" ni swali la ufahamu, likijibiwa limekwisha. "Je, ni haki kumficha mtu barua yake?" linaonekana zuri zaidi, na walimu wengi hulipenda, lakini linajibika bila kufungua kitabu. Dakika tano baadaye kikundi kitakuwa kinazungumzia haki kwa jumla na hadithi imesahauliwa chini ya dawati.

Sasa jaribu hili: "Shangazi alikuwa anamlinda mtoto, au alikuwa anajilinda mwenyewe?" Majibu mawili, na yote yana ushahidi ndani ya kurasa. Mmoja anasema alikuwa anajilinda. Mwalimu akisema "vizuri" hapo, mambo yamekwisha. Akiuliza "umeliona wapi?", mwanafunzi atapekua kurasa na kuonyesha mahali ambapo shangazi anafunga mlango kabla ya kuisoma barua. Mwenzake atamkatiza: "Lakini hakuichoma. Angekuwa anajilinda si angeichoma?" Wa tatu atakumbuka kwamba aliiweka kwenye sanduku la nguo za marehemu kaka yake, na hapo kila mtu anarudi ukurasa ule kuusoma upya. Hakuna aliyewaamuru warudi.

Wafundishwe kupima maswali yao kwa namna hiyo kabla ya kikao. Nikiweza kulijibu kwa mstari mmoja, niliache. Nikiweza kulijibu bila kusoma kitabu, niliache. Nikiona watu wawili wenye akili wanaweza kutofautiana wakiwa na kitabu mkononi, ndilo. Kikao cha kwanza kitajaa maswali ya aina mbili za mwanzo, na hilo ni la kawaida. Yaandikwe ubaoni, darasa liyachambue bila kutaja nani aliandika lipi, na lijaribu kugeuza mawili yawe bora.

Pamoja na maswali, wanafunzi wanahitaji maneno ya kupokezana. Hatuwezi kudhani wanayo, maana miaka yote wamezoea kumjibu mwalimu, si kujibizana wenyewe kwa wenyewe. Andika machache kwenye karatasi ikae katikati ya meza: "Nakubaliana nawe, ila…", "Mimi nilielewa tofauti kwa sababu ukurasa wa…", "Unamaanisha kwamba…?", "Tumsikie fulani, hajasema." Wataanza kuyasoma kama mashine. Vikao vitatu baadaye utayasikia yakitoka bila karatasi.

Kazi ya mwalimu ni kunyamaza kwa makusudi

Mary Budd Rowe alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza swali. Kwa kawaida ulikuwa kama sekunde 1. Walipojizoesha kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu, waliojitolea kujibu wakaongezeka, na wasiojibu kabisa wakapungua. Watu husahau sehemu ya pili ya kazi yake: kimya kinahitajika mara mbili, baada ya swali na tena baada ya jibu. Kimya cha pili kinafaa zaidi kwa mjadala wa kitabu, kwa kuwa mwanafunzi akishatoa jibu la kwanza, lile la maana zaidi mara nyingi linafuata kama hakuna aliyemkatiza. Hesabu kimoyomoyo hadi tatu. Utaona ni muda mrefu ajabu.

Mwalimu asikae ndani ya kikundi. Akikaa ndani, macho yote yatamgeukia, na maneno yatapita kwake kwanza. Akae kando na karatasi yenye duara, majina ya wanakikundi yakiwa pembezoni mwake. Kila mmoja anapozungumza, chora mstari kutoka kwa aliyemtangulia hadi kwake. Dakika 6 kwa kikundi zinatosha. Ukitazama mchoro utaona mara moja: mistari yote inapita kwa mtu mmoja, au wawili wanarushiana na wengine wawili hawana hata mstari. Waonyeshe wenyewe mchoro ule bila kuuliza nani mkosaji. Uliza tu wanaona nini. Nimeliweka hili juu kuliko mbinu nyingine zote kwa sababu halihitaji kukaripia mtu.

Yanayoharibika, na chanzo chake

Mmoja anatawala mazungumzo. Wape kila mmoja vipande vitatu vya karatasi, kila akisema anaweka kimoja katikati, vikiisha anasikiliza. Fanya hivyo kwa kikao kimoja au viwili tu. Ukiendelea, wanaanza kusema lolote ili vipande viishe.

Wote wanakubaliana na kumaliza kwa dakika 4. Mara nyingi swali lilikuwa la jibu moja. Wape kazi ya kupanga: wahusika wanne, nani ana lawama kubwa zaidi hadi ndogo zaidi, na kikundi kitoe orodha moja. Kupanga hulazimisha watu kutofautiana, kwa sababu nafasi ya kwanza ni moja.

Mtu hajasoma. Usimruhusu asimuliwe na wenzake, kwa maana utakuwa umewafundisha wote kwamba kusoma si lazima. Akae jirani na kikundi asome kurasa zile wakati wenzake wanaongea, ajiunge akimaliza. Lakini wakiwa wasiosoma ni zaidi ya mmoja kwenye kikundi, lawama si yao. Kurasa ni nyingi mno au kitabu kinawazidi. Punguza kurasa, au dakika 10 za mwanzo zitumike kusomeana kwa sauti.

Kikundi kinanyamaza kabisa. Chunguza lugha kabla ya kuchunguza tabia. Mwanafunzi anayesoma kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwao anaweza kuwa ameelewa vizuri na asiweze kubishana kwa lugha hiyo. Waruhusu wajadiliane kwa lugha wanayoimudu, kisha watoe taarifa kwa lugha ya kitabu. Fikra huja kwanza, na msamiati hufuata kwa urahisi pale mtu anapokuwa na la kusema.

Na wakipotea nje ya mada? Subiri dakika moja kabla ya kuingilia. Mazungumzo kuhusu jirani anayefanana na mhusika hurudi kitabuni yenyewe mara nyingi. Yasiporudi, uliza swali moja tu: "Hilo mmelisoma ukurasa gani?" kisha uondoke.

Kitabu cha pamoja na alama

Sisemi kitabu kimoja kwa darasa zima kiondolewe. Kimoja kwa muhula kina nafasi yake, hasa mwanzoni, maana ndicho mwalimu atakachotumia kuonyesha jinsi swali zuri linavyoundwa na jinsi ushahidi unavyotafutwa. Darasa lisilopitia hatua hiyo likiingia kwenye vikundi, litarudia maswali ya ufahamu.

Alama ndizo zinazoweza kubomoa yote haya kwa siku moja. Ukitoa alama kwa wingi wa kusema, utapata kelele. Ukitoa kwa msimamo "sahihi", utarudi kwenye kubahatisha kichwa cha mwalimu. Toa alama 10 kwa kila duru: 3 za maandalizi, yaani vile vitu vitatu vilivyoandikwa kabla ya vikao, 3 za kutaja ushahidi wenye ukurasa, 4 za aya moja iandikwayo mwishoni, ambayo mwanafunzi anaeleza ni wazo gani la mwenzake lililobadilisha alivyokielewa kitabu, au kwa nini halikumbadilisha. Aya hiyo haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hakusikiliza, wala haiwezi kunakiliwa kutoka kikundi kingine. Isomwe na mwalimu baada ya kipindi, na mrejesho uwe swali moja lililoandikwa chini yake, ambalo mwanafunzi atalijibu kabla hajapewa karatasi ya kura ya duru inayofuata.